Sheria ya Kengele

Siku mhasibu aliponigonga makalio kwa skuta ya umeme, sikuumia hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeinama nakagua tairi la trekta, na mafundi wote walikuwa wamekaa kivulini wanakunywa chai, wananitazama. Nikarushwa mbele, nikalikumbatia lile tairi kama ndugu aliyerudi kutoka safari. Walicheka mpaka mmoja akajimwagia chai mapajani. Mhasibu akashuka, akaniomba radhi, akasema eti alidhani nimemsikia anakuja. Nimsikie kwa lipi, jamani? Chombo chenyewe kinatembea kama moshi.

Mimi ni sajini, na kitengo cha usafiri cha kambi yetu ya jeshi la anga kiko chini yangu. Kila chenye magurudumu na kisichoruka ni changu. Kambi ni pana. Ukitoka langoni kwa miguu mpaka banda la mwisho la ndege, shati linakuwa la kukamua. Zamani tulikuwa na magari ya dizeli, matrekta ya kuvutia ndege yanayonguruma, na baiskeli ambazo minyororo yake ililia ungedhani mtu anachinja kuku. Ulijua nani anakuja kabla hujamwona. Halafu zikaletwa skuta za umeme, nyeupe, zikapangwa ukutani kwenye chaja zake kama watoto wa shule, na baada yake yakaja matrekta ya umeme. Siwezi kusema nilizichukia. Nilipenda kuziendesha, tena kwa kasi, pale ambapo hakuna afande karibu.

Tatizo ni namna tunavyotembea. Mtu wa uwanja wa ndege hutembea macho chini, anatafuta kijiwe au skrubu iliyodondoka, maana injini ikimeza kitu kama hicho ni balaa. Mgongo wake ameuachia masikio. Sasa masikio hayana kazi tena, na ndani ya wiki chache kila mtu alikuwa na hadithi ya kugongwa. Mpishi alimwaga sufuria nzima. Mlinzi alipandiwa kiatu na skuta ya daktari. Nilipofikiwa mimi, mori ukanipanda.

Sikungoja makalio yapoe. Nikaingia kwa kapteni wa usalama bila hata kubisha vizuri, nikamwambia tunataka kengele kwenye kila skuta na kila trekta. Ukimkaribia mtu kwa nyuma, piga kengele. Aliye mbele ainue mkono bila kugeuka, ndiyo kusema amekusikia. Usipoona mkono, simama hapo hapo, usisogee hata kidogo. Kapteni ni mtu mkimya, macho yake yanakaa juu yako muda mrefu kuliko unavyopenda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema ni wazo zuri. Jumatatu likatangazwa kwenye gwaride, na wakaliita sheria ya Sajini. Siku ile nilitembea kifua mbele, hata kofia ilinikaa vizuri kuliko kawaida.

Nikarudi nyumbani na majigambo yangu. Nyumba ya kambini tunakaa wawili, mimi na mdogo wangu. Yeye ni koplo, fundi wa injini za ndege, kitindamimba wa mama yetu, na ndiyo maana nyumbani ninamwita Kitinda. Nilimkuta mezani, chakula amekipakua na hajakigusa. Nikaanza kula na kumsimulia jinsi gwaride zima lilivyonipigia makofi, akaniambia nimeze kwanza, hapendi mtu anayeongea na tonge mdomoni. Nikameza.

"Dada," akasema, "umenimaliza."

Nikamuuliza nimemmalizaje. Akagusa sikio lake la kulia kwa kidole, mara moja, akarudisha mkono mezani.

Sikio lile limekufa. Liliuawa na injini, pole pole, na vizibo vyote alivyovaa havikulisaidia. Lilibaki la kushoto, au ndivyo alivyoniambia. Ndiyo maana tukitembea nakaa kushoto kwake, na kiti changu mezani kiko kushoto kwake, na nikiingia chumbani kwake nazunguka kitanda kizima niongee upande ule. Nilikuwa nimezoea kiasi kwamba nilisahau kwa nini ninafanya hivyo. Na pale kwa kapteni, nikiwa nimefura kwa hasira za makalio, sikumkumbuka mdogo wangu hata mara moja.

Hakuna mwingine aliyejua. Kila mwaka wanapimwa masikio, na kila mwaka alipita, kwa sababu kwenye kile chumba cha kupimia kuna kioo, na kwenye kioo aliona kidole cha nesi kikibonyeza kitufe cha sauti. Uwanjani penyewe hakusumbuka. Injini ikiwaka hakuna anayesikia, wote wamevaa makopo ya masikio, wanaongea kwa mikono, na kwa mikono Kitinda alikuwa msemaji kuliko mimi kwa mdomo.

Sasa sikilizeni alichokuwa anakipoteza. Kambini kwetu kila ndege ina fundi wake mmoja anayeimiliki. Akiwa mwanaume anaitwa baba wa ndege, akiwa mwanamke ni mama. Jina lake linaandikwa kwa rangi chini ya dirisha la rubani, na rubani hapandi mpaka mama amwonyeshe dole gumba. Mwisho wa mwezi ule Kitinda alikuwa akabidhiwe ndege yake. Ameingoja tangu ana cheo cha kufagia banda. Kilichobaki ni kapteni wa usalama kusema hana pingamizi. Na kapteni akijua habari ya sikio, mdogo wangu anaondolewa uwanjani siku hiyo hiyo, anapelekwa stoo ya matairi nyuma ya jiko, na huko ndiko atakakostaafia.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitarekebisha. Yeye akala. Mimi ndiye niliyeshindwa kula, nikazunguka ile sebule mpaka akaniambia namtia kizunguzungu.

Kesho yake asubuhi nikawa mlangoni kwa kapteni, safari hii nikabisha. Nikamwambia nimefikiria upya, kengele zinasumbua watu, tuzifute. Akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe anapanda ngazi. Akasema tangu sheria ianze jana hajagongwa mtu, na mkuu wa kambi ameshaisifu. Nikatoka.

Nikaja na taa. Nilimbembeleza fundi umeme wa karakana anifungie kwenye skuta taa ya buluu inayotupa doa la mwanga chini, mbele ya gurudumu, ili aliye mbele aone doa linampita miguuni kabla chombo hakijamfikia. Ndani ya banda ilifanya kazi mpaka nikataka kumbusu yule fundi. Tukaitoa nje. Juani, juu ya ile zege nyeupe, doa halikuonekana hata ulipopiga magoti kulitafuta. Kapteni akanipongeza kwa ubunifu, akaagiza taa zifungwe kwa matumizi ya ndani. Mimi nikabaki na kengele zangu huko nje, kila siku, nikizisikia zinalia huku na huku na roho ikiruka.

Kitinda naye alibuni lake. Akitembea uwanjani anainua mkono. Kengele ipo, haipo, yeye kila baada ya hatua kadhaa mkono juu. Hazikupita siku mbili wakampa jina la Mheshimiwa, maana alionekana kama mgombea anayepungia wapiga kura. Wakimwona wanamwuliza barabara yao itajengwa lini, na yeye akiona wanacheka anacheka nao. Watu walidhani ni mzaha wake. Nyumbani nilimwambia apunguze, akaniuliza kama nina dawa nyingine.

Kapteni si mjinga. Alhamisi moja aliniita, akafunga mlango mwenyewe. Akasema amekuwa akimwangalia koplo fulani kutoka dirishani, na koplo huyo anainua mkono wakati hakuna kengele. Anataka kujiridhisha kabla ya kutoa neno lake kuhusu ile ndege. Kesho alasiri, koplo akiwa anakwenda kazini kutoka karakana, nimfuate kwa skuta na kupiga kengele, naye atakuwa amesimama pembeni. Halafu akaniambia nisimwambie mtu. Alijua vizuri huyo ni mdogo wangu, na nadhani ndiyo sababu alinichagua mimi.

Nikajibu ndiyo, afande. Nikaenda nyumbani nikamwambia Kitinda kila kitu kabla hata sijavua buti.

Jua ndilo lililotupa njia. Alasiri, ukitoka karakana kwenda maegesho ya ndege, jua linakuwa mgongoni, na kivuli cha kitu kilicho nyuma yako kinakutangulia. Nikamwambia atazame chini tu, kivuli changu kikimpita bega ainue mkono. Tukaenda nyuma ya nyumba kufanya mazoezi, mimi nikisukuma baiskeli kuukuu, yeye akitembea na macho yake chini. Mara ya kwanza alikiinulia mkono kivuli cha shati lililoanikwa. Mara ya pili, kivuli cha paka. Nikamwambia, Mheshimiwa, paka hana kura. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, nami nikacheka, na kwa muda mfupi nilisahau kwamba nina hofu.

Ijumaa nilikuwa sina raha tangu asubuhi. Kila wingu lililopita nililitukana. Lakini alasiri jua likatoka sawasawa. Kapteni akasimama pembeni, mikono nyuma. Kitinda akatokea karakana na boksi lake la zana. Nikawasha skuta, nikamfuata. Nikaona kichwa cha kivuli changu kinamkaribia kisigino, kinapanda ubavuni pake, kinampita bega. Nikapiga kengele. Mkono wake ukainuka, taratibu, bila papara, kama wa mtu mwenye masikio ya sungura.

Nikageuza, nikarudi kwa kapteni. Akasema ameridhika. Akasema, ndege ni yake, aanze kutafuta mwenye mwandiko mzuri wa rangi. Nilitamani kumrukia shingoni. Badala yake nikapiga saluti ya kupasua hewa.

Kitinda alikuwa ameshafika kwenye maegesho. Ndege yake ilikuwa upande ule ambao banda kubwa linatupa kivuli chake alasiri nzima. Aliweka boksi chini, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akawa anakwenda pole pole ubavuni mwa ndege huku ametazama juu, pale chini ya dirisha la rubani. Najua alichokuwa anakiona pale. Alikuwa ameshaona kwamba kapteni ameridhika, maana mimi saluti zangu huwa si hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu sheria itoke, mkono wake haukuinuka kabisa.

Na nyuma yake, ndani ya kivuli kile kile, trekta la umeme lilitoka bandani likivuta ndege nyingine. Aliyeliendesha ni dereva tunayemwita Taratibu. Akapiga kengele. Niliisikia nilipokuwa. Kitinda alikuwa anatembea moja kwa moja kuingia njiani mwake, kichwa juu, na kile chuma kizima kinamjia mgongoni bila mlio.

Nikapiga kelele. Niliita "Kitinda!" kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Uwanja mzima uligeuka. Mafundi waligeuka, mlinzi wa lango aligeuka, rubani mmoja aliyekuwa mbali kabisa alitoa kichwa dirishani. Aliyeitwa peke yake ndiye hakugeuka. Nikaiacha skuta ianguke, nikakimbia, nikaita tena na tena, nikamfikia, nikamvuta mkono kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili kwenye zege.

Akaniangalia kwa mshangao, goti linatoka damu. "Kuna nini?"

Nikatazama nyuma yake. Trekta lilikuwa limesimama. Kati yetu na lile trekta ungeweza kupanga meza na viti na watu wakala. Taratibu alikuwa ameketi, mikono ameiweka mapajani, anatutazama kwa huruma.

"Sajini," akasema, "mimi nilishasimama kitambo. Sikuona mkono."

Sheria yangu mwenyewe. Nimeitunga mimi, nimepigiwa makofi mimi, na kengele ilipolia nilikuwa mtu pekee kambini ambaye hakuiamini. Ningefunga domo langu, Taratibu angengoja, Kitinda angeshiba kuitazama ndege yake, angegeuka, angemwona, angempisha. Basi.

Kapteni alifika bila kukimbia. Akasimama upande wa kulia wa Kitinda, akamwuliza jambo kwa sauti ya kawaida. Kitinda aliendelea kupangusa vumbi magotini. Akauliza tena. Halafu akanitazama mimi, na sikuweza kumtazama. Akaokota kofia iliyoanguka, akazunguka mbele ya mdogo wangu, akampa, na safari hii akasema huku uso wake ukiwa mbele ya uso wa Kitinda.

"Kesho hospitali, koplo."

Alipimwa kwenye chumba kisicho na kioo. Hakuniambia majibu, na mimi, na mdomo wangu wote huu, nilishindwa kuuliza. Wiki iliyofuata alikuwa stoo ya matairi. Ndege ikapewa fundi mwingine, kijana mzuri tu, hana kosa, lakini nikipita na kuona jina lake pale chini ya dirisha nageuza skuta nizunguke upande mwingine. Sheria ya kengele imebaki. Kambi nyingine wameiomba waitumie, na kwenye gwaride nimepongezwa tena. Nilisimama pale napokea makofi natamani ardhi inimeze.

Nyumbani hakuninunia, na hilo ndilo lililonitesa. Angenitukana ningepumua. Alirudi kila jioni ananuka mpira, akaoga, akala, akaniuliza habari za skuta. Jioni moja nikashindwa. Nikasimama katikati ya sebule nikamwambia yote, kwamba Taratibu alikuwa ameshasimama, kwamba ningenyamaza leo angekuwa na ndege yake, kwamba ni mimi niliyemfunga na ni mimi niliyetupa ufunguo. Nilikuwa natembea huku na huku, akaniambia nisimame sehemu moja nikiongea. Nikasimama, nikarudia.

Akasema anajua. Taratibu alimfuata stoo akamweleza mwenyewe, karibu alie, maskini.

"Wanasema uliniita," akasema. "Uliniita nani?"

Nikamwambia nilimwita Kitinda. Akashika kichwa, akacheka. Kumbe sasa kambi nzima inalijua jina lake la nyumbani, akasema, ndiyo maana yule mpishi anamwita vile na kucheka peke yake. Akainuka kwenye kiti.

"Hebu niite tena. Kama siku ile. Nataka nijue ilikuwaje."

Nikamwambia aache utani. Akasema si utani. Nikajongea kushoto kwake kama kawaida yangu, akanisukuma kwa upole, akasema hapana, nisimame kule mlangoni, si nilikuwa mbali? Nikaenda mlangoni, lakini nikajisogeza upande, ili lile sikio zima linielekee. Yeye akanipa mgongo, akatazama ukuta.

Nikaita. Nilianza kwa aibu, kama mtu anayeita mhudumu hotelini. Nikaita tena kwa nguvu zaidi. Nikakumbuka kile kivuli, na lile trekta, na kile kichwa chake kilichotazama juu, nikaita kwa sauti ile ile ya uwanjani, mpaka koo likawaka, mpaka vijiko vikatetemeka kwenye kikombe. Jirani akafungua mlango wake, akauliza kwa nguvu kama kuna usalama. Niliita mpaka machozi yakanitoka.

Kitinda alikuwa amesimama vile vile, mikono ameikunja, ametulia, anangoja.

"Dada," akasema bila kugeuka, "umeshaanza?"